Rola Ilipolia Debe kwenye Uwanja wa Waayalandi

Siku yangu ya kwanza kazini, mwaka 2015, katibu wa klabu ya Waayalandi alinipeleka hadi kwenye goli akaniuliza kama nimewahi kuona la namna ile. Nguzo zilipanda juu kupita mtambaa panya, kama herufi H. Mpira wa Kiayalandi, alinieleza, huchezwa kwa mikono na miguu. Ukipita juu ya mtambaa panya ni pointi moja, ukiingia wavuni ni tatu. Nilikuwa nimetunza viwanja tangu ujana wangu Tanga, lakini goli lile lilikuwa geni kwangu.

Uwanja ulikuwa kusini mwa Mayfair, mtaa wa jiji la dhahabu nilikopanga chumba, karibu na vilima vya mchanga wa njano uliotolewa migodini zamani. Upepo ukivuma, mistari yangu ya chokaa ilifunikwa. Kazi kubwa ilikuwa rola, mashine ya gurudumu zito la kushindilia ardhi. Unaipitisha polepole huku unasikiliza: ardhi iliyoshiba hunguruma, iliyo tupu chini hulia kama debe.

Mwaka wangu wa tatu pale, Alhamisi kabla ya fainali ya kaunti mbili ambayo Waayalandi wangeitazama kwenye skrini ya ukumbi wa klabu, kando ya uwanja, rola ililia debe mbele ya goli la kusini. Nikazima injini. Chini kulikuwa na mtu anagonga: mara tatu, kimya, mara tatu.

Nilimwita Papa Ilunga, mlinzi wetu kutoka Lubumbashi, mtoto wa mchimba shaba. Akalala kifudifudi, sikio kwenye nyasi.

"Hii si bomba, mzee," alisema kwa Kiswahili cha kwao. "Ni batu. Beko chini."

Watu wako chini: sote tulijua wapo wanaoingia mashimo ya migodi ya zamani kutafuta mabaki ya dhahabu. Nikaenda kwa katibu, nikamweleza tulichosikia.

"Mabomba hayo, Bakari," alisema. "Jumapili nina wageni. Maliza kazi."

Nikamaliza. Ijumaa msikitini, nilipoweka paji la uso chini, nilijikuta nasikiliza.

Jumapili alasiri ukumbi ulijaa jezi za kijani na nyekundu. Mchezaji wa wekundu alisimama kupiga adhabu, na uwanja mzima kule Ayalandi ukanyamaza, nasi tukanyamaza. Ndipo nikasikia tena kule kugonga chini ya sakafu. Sasa ilikuwa mara moja tu, kisha kimya kirefu. Mama mmoja akatazama miguu yake.

Ilikuwa desturi yao, wakati wa mapumziko, wote kutoka kwenda kupiga mpira kwenye goli la kusini. Nikasimama mlangoni.

"Bakari, usiniaibishe," katibu alisema kwa sauti ya chini.

"Nifukuze kesho. Leo hawapiti."

Tulikuwa bado tunabishana nguzo moja ilipoinama, taratibu, kisha goli zima likazama hadi kwenye mtambaa panya. Halikutoa sauti. Nyuma yetu kipindi cha pili kilianza na watu wa kwenye skrini wakashangilia, wala hakuna aliyegeuka kuwatazama.

Waokoaji walimtoa mtu mmoja kwa kamba, amejaa vumbi la njano. Nilimpa maji nikamwambia, kwa Kizulu changu kibovu, kwamba tulimsikia akigonga.

"Si mimi," alisema. "Mikono yangu imebanwa tangu Jumatano. Anayegonga yuko ndani zaidi. Hata mimi nilikuwa namsikia."

Walisikiliza kwa vyombo vyao siku mbili. Hakuna aliyejibu. Shimo likajazwa zege.

Nilistaafu mwaka uliofuata, nikarudi Tanga. Vijana wanaoanza kazi hii wakiniuliza, nawaambia: ardhi ikilia, toa watu, piga simu mwenyewe, usingoje mkubwa akubali. Katibu aliniandikia barua nzuri ya kuniaga. Inasema nilichukua hatua mara moja. Ipo kabatini, sijaitundika. Kutoka Alhamisi hadi Jumapili ni siku tatu, na Alhamisi mtu yule alikuwa bado na nguvu za kugonga mara tatu.