Viatu vya Binti wa Fundi

Fundi viatu wa pale sokoni alikuwa na ulimi mrefu na mkono mwepesi. Ukimpelekea kiatu kilichochakaa, kwanza atakusema wewe, kisha kiatu kitapona. "Wewe unatembea au unapigana na barabara?" atakuuliza, nawe utacheka na kulipa. Watu wa namna hiyo huwa hawashauriki, na balaa lilianzia hapohapo.

Alikuwa na binti mmoja tu, mwenye ulemavu wa akili tangu kuzaliwa. Mwili ulikuwa mbioni kuufuata usichana, akili imebaki nyuma inacheza. Maneno yake yalikuwa ya kuhesabika. Miguu yake ilikuwa mifupi na mipana, dole gumba limejitenga na wenzake, na kila kiatu alichovalishwa alikivua. Alivua darasani, alivua njiani, alivua hata mbele ya wageni. Siku moja alirudi kutoka shule peku, msumari umemwingia unyayoni, wala hakulia. Waliopiga kelele ni wenzake.

"Mtoto wa fundi viatu anatembea peku!" jirani muuza mkaa alimtania. "Si useme tu kwamba kazi imekushinda?"

Maneno yalimchoma fundi. Akateremsha kalibu zake, ile miguu ya mbao ya kushonea viatu, akachagua nyembamba, ili mwanawe avae viatu kama vya watoto wengine.

"Baba, mguu wa mwanao hauingii humo," mkewe alimwambia.

"Ngozi hutanuka, mama. Niachie kazi yangu."

Nyuma ya kisigino akatia kifungo cha chuma kigumu, cha kutaka nguvu za dole gumba la mtu mzima. Binti hangeweza kukifungua hata kidogo.

Haukupita muda, mkewe akaitwa kwao kumuuguza mama yake. Yeye ndiye aliyekuwa akimwosha binti miguu kila jioni na kumkausha katikati ya vidole. Fundi aliona haya kumwogesha msichana anayekua. Akawa anamwekea ndoo bafuni na kusubiri nje. Soksi binti alizivaa mwenyewe, kwa mbwembwe, na kulala nazo. Kazi ya baba ilikuwa kufungua viatu usiku na kuvifunga asubuhi. Siku za mwanzo alimkuta anahangaika na kile kifungo, akamkaripia: "Acha! Ukivua, baba atakasirika." Binti akaacha.

Sifa zikaanza kumiminika. "Fundi, umefanyaje?" mwalimu wa binti aliuliza. "Siku hizi ametulia kweli. Hakimbii, hasumbui, anakaa tu." Fundi akavimba kichwa. Ningekuwapo, ningemshika shati nimuulize: mtoto aliyekuwa hakamatiki anakaaje tu? Lakini hakuna aliyeuliza.

Binti akaanza kuacha chakula. Ngazi za mlangoni akawa anazipanda kwa makalio. Chumbani kukaingia harufu, na fundi, ambaye pua yake imelelewa na gundi na ngozi, akasema ni viatu vipya. Inzi hawakudanganyika. Walimfuata binti peke yake, wakatua kwenye soksi yake ya kulia, naye fundi akawapunga kwa kitambaa na kurudi kwenye sindano yake.

Mchana mmoja mwalimu alikuja dukani anahema. Binti ameanguka darasani, mwili unachemka. Fundi alitimka hadi shuleni bila kufunga duka. Akambeba mgongoni mpaka hospitali.

Daktari, mama wa makamo asiye na maneno mengi, alijaribu kile kifungo kikamshinda. Fundi akakifungua mwenyewe. Kiatu cha kulia kilitoka, soksi ikagoma. Ilikuwa imeshikamana na nyama. Walipoilowesha na kuibandua taratibu, muuguzi aligeuza uso. Vidole viwili vilikuwa vimebadilika rangi.

"Kidonda hiki si cha leo wala jana," daktari alisema. "Hakukwambia anaumia?"

"Hajui kusema, daktari. Yeye huwa..." Fundi akakwama. "Alikuwa anavua viatu."

"Kuhusu vidole hivi, siwezi kukuahidi kitu. Haya, tuone na wa kushoto."

Wa kushoto! Fundi hakuwa ameufikiria kabisa. Akanyoosha mkono kwenye kifungo, lakini binti alimuwahi. Aliurudisha mguu kifuani na kukifunika kifungo kwa viganja vyote viwili, jasho linamtiririka, macho yamemkazia baba yake.

"Sivui, baba," alisema. "Sivui."

"Vua, mwanangu. Baba hajakasirika. Vua."

Binti akatikisa kichwa, akazidi kukaza mikono.