Mshale Wangu wa Malindi

Nakuombeni mnicheke taratibu. Nimemaliza chuo Tunguu juzi tu, nikapata kazi ya majaribio kwenye kikundi cha mazingira. Mkuu wetu, Bi Zuhura, akaniambia, "Tengeneza bango la kukataza taka mitaroni. Likipendeza, kazi yako."

Siku tatu nikahangaika. Je, rangi nyekundu itatisha watoto? Je, kunguru niliyemchora pembeni kafurahi mno? Nilipiga picha ya chupa za maji zilizoziba mtaro wa kwetu Kikwajuni, nikafuta namba za nyumba ili jirani asiaibike. Kisha nikachora mshale mkubwa kuelekea chupa ya mbele, juu nikaandika: MCHAFUZI NI NANI?

Tulilizindua Malindi, hapa hapa Unguja, mbele ya bandari, bango kubwa kama mlango wa ghala. Watu wakapiga makofi. Nikatabasamu mpaka mashavu yakaniuma.

Mchukuzi mmoja mtu mzima akasogea. Akaitazama chupa, akanitazama mimi, akairudia chupa.

"Bi Zuhura, hebu njoo. Huyu wa kwenye chupa si kijana wako huyu?"

Ndipo nikakumbuka sherehe yangu ya kumaliza chuo: maji yenye stika za picha yangu, na mfuko wa chupa tupu niliouacha mwenyewe kando ya mtaro. Kwenye simu stika ilikuwa ndogo kama punje. Sasa, kwenye bango, nilikuwa na joho, nimetabasamu vile vile, mwisho wa mshale.

Bi Zuhura akavaa miwani, akasoma kwa sauti, bandari nzima ikasikia:

"Hongera Idrissa."