Chachu Kutoka Tingi

Mwahija binti Tawakali alikuwa mwanamke mnene, mwepesi wa kucheka na mwepesi zaidi wa kununa, na Kilwa Kivinje nzima ilimjua kwa mikate yake. Nasema nzima, na wala siongezi chumvi. Hata mwalimu wa chuo cha Kurani, aliyewakemea wanawake kwa kutia tembo la mnazi kwenye unga, alikuwa akipita kibarazani kwake asubuhi akisingizia kuuliza hali ya wagonjwa, na hakuna siku aliyoondoka mikono mitupu.

Mkate uliomletea jina, na baadaye ukamletea balaa, hakuurithi kwa mama yake. Alifundishwa na mke wa Bwana wa boma la Wajerumani, Mdachi mmoja mwembamba aliyeshindwa na joto lakini hakushindwa na jiko. Unga wa ngano unakandwa kwa samli, sukari na tui zito. Unatiwa chachu, unafunikwa, unaachwa uumuke. Ukishajaa, unatandazwa kama mkeka mdogo, unapakwa chokoleti iliyoyeyushwa kwenye mvuke, unakunjwa, kisha unasokotwa ili ile nyeusi ionekane ikizunguka ndani ya nyeupe. Yule bibi aliuoka kwenye jiko la chuma. Mwahija alijaribu jiko hilo siku moja tu, akaliona halina adabu, akarudi kwake kuoka kwenye chungu kipana, moto chini na makaa juu ya kifuniko. Mkate wa chungu ukawa mtamu kuliko wa chuma. Bibi mwenyewe alikiri, na tangu hapo Mwahija akawa anauoka nyumbani na kuupeleka kilimani bomani umefungwa kwa kitambaa.

Chachu ndiyo iliyokuwa yake hasa. Hamira ya Wadachi ilikuja kwa meli ndani ya makopo, na mara nyingi ilifika imekufa. Mwahija alitumia tembo la mnazi, lile la kugemwa alfajiri, likaachwa lichemke lenyewe mpaka litoe povu. Nyumbani kwao, mama yao Samia aliwafundisha binti zake kuwa chachu hubebwa imefunikwa kwa jani, na anayeibeba hafungui kinywa njiani. Ukisema, chachu inalala, na ikilala haiamki. Majirani waliwacheka sana kwa jambo hilo. Ukikutana na mtoto wa Samia ameshika kibuyu, walisema, usipoteze salamu yako, maana utajibiwa kwa kope. Lakini Mwahija na mdogo wake Ziada walikua hivyo, wakazeeka hivyo, na mikate yao haikuwahi kulala.

Basi ukaja mwaka ule wa elfu moja mia tisa na tano. Huko milima ya Matumbi watu waling'oa pamba waliyolimishwa kwa kiboko, na habari ikashuka pwani kwamba wana dawa, maji ya kunywa na kujipaka, risasi ya Mdachi ikikugusa inageuka maji. Kivinje ikanyamaza. Wanawake waliacha kwenda kisimani mmoja mmoja. Ngoma ya harusi iliyokuwa imeshatangazwa haikupigwa, na hakuna aliyeuliza kwa nini. Mke wa Bwana akapandishwa meli kwenda Dar es Salaam, na meli hiyohiyo ilikuwa imeshusha askari na masanduku ya risasi. Hamira haikuwemo. Wagema nao walitoweka, minazi ikabaki na vibuyu vyake vikavu juu, na chungu cha chachu cha Mwahija kikachacha kupita kiasi, kikafa.

Hapo ndipo Bwana, akiwa peke yake katika nyumba kubwa, akatamani mkate wa mke wake. Alimtuma Abdulatifu, mkalimani wa boma, kijana wa mtaa uleule aliyenyonya ziwa moja na watoto wa jirani yake Mwahija.

"Shikamoo, Bi Mwahija. Bwana anataka ule mkate."

"Marahaba. Mwambie chachu hakuna."

"Hilo neno 'hakuna' siku hizi silipeleki kule juu, bibi. Tafuta."

Mwahija akatafuta. Alituma salamu kijijini Tingi kwa mdogo wake Ziada, aliyeolewa na Likwata, mgema mwenye mikono mirefu na maneno machache. Aliomba kibuyu kimoja tu cha chachu. Hakuwaza zaidi ya hapo. Vita aliviona kama mvua ya upande wa pili wa mto, na mimi simlaumu, maana watu wengi wenye akili kumshinda walikuwa wanaviona vivyo hivyo.

Baada ya siku mbili Abdulatifu alirudi bila kupiga hodi. Uso wake ulikuwa umepauka.

"Ziada amekamatwa kwenye njia ya Tingi. Askari walimsimamisha, hakujibu. Wakamuuliza anatoka wapi, hakujibu. Wakafunua kibuyu, wakakuta maji yenye povu, na jani juu. Wanasema ni ile dawa."

"Ni chachu."

"Mimi najua ni chachu. Tangu jana yuko ndani na hajafungua kinywa. Wote waliokutwa na vibuyu vya dawa wananyongwa kesho asubuhi, bibi. Sikia."

Mwahija akasikia. Nyuma ya boma kulikuwa na mlio wa nyundo, mmoja, kisha mwingine, wa mtu asiye na haraka. Akakaa chini palepale kwenye majivu. Alimpenda Ziada kwa mapenzi ya mtu aliyembeba mgongoni kabla hajaweza kutembea. Alipoinuka hakujifuta hata majivu. Alijitanda kaniki akapanda kilimani mbele ya Abdulatifu, na wale wa boma waliomzoea kumwona na kitambaa cha mkate walimpisha.

Bwana alikuwa kibarazani na kile kibuyu mezani pake. Alikisema Kiswahili cha amri, kifupi, lakini alikielewa vizuri kuliko watu walivyodhani.

"Huyu mwanamke bubu ni ndugu yako?"

"Si bubu, Bwana. Kwetu anayebeba chachu hasemi. Ndivyo tulivyofunzwa na mama. Hiyo ni chachu ya mkate wako ulioniagiza."

"Kila mtu ana hadithi."

"Basi usiniamini mimi, amini mkate. Nipe kibuyu hichohicho nikande nacho. Maji ya dawa hayaumui unga."

Bwana akakitazama kibuyu, kisha akamtazama Mwahija, na huenda njaa ya mkate ndiyo iliyomsaidia zaidi kuliko maneno. Aliingia ndani akatoka na kipande cha chokoleti kilichokuwa kimefungwa karatasi ya fedha, cha mwisho katika nyumba ile.

"Askari atakaa nawe, usije ukatia kitu kingine. Mkate ukiumuka, ndugu yako anakwenda nyumbani. Usipoumuka, kesho yuko pamoja na wenzake."

Askari aliyepewa kazi hiyo alikuwa mtu mzito wa kutoka bara ya mbali. Alikaa kwenye kigoda cha mbuzi ya kukunia nazi, bunduki mapajani, macho kwenye mikono ya Mwahija. Mwahija alimimina kibuyu. Povu lilikuwa limekwisha. Kibuyu kilishinda juani, kikatikiswa, kikanuswa na kila aliyetaka kuonyesha bidii mbele ya wakubwa. Alichovya kidole akakitia mdomoni. Ladha ilikuwepo, kali kidogo, lakini kwa mbali, na aliogopa kuiamini.

Alikanda. Alikanda mpaka mabega yakawaka, akalitia donge kwenye chungu, akalifunika kwa kitambaa chenye uvuguvugu na kulisogeza karibu na mafiga. Kisha akangoja. Upepo wa kusi uliingia kwa mlango uliokuwa wazi kwa ajili ya askari, na Mwahija hakuthubutu kumwomba aufunge. Alikaa mbele ya chungu akiukinga upepo kwa mgongo wake mpana. Nyundo ililia, ikanyamaza, ikalia tena. Jirani yake mmoja alichungulia, akamwona askari, akarudi alikotoka. Mwahija alisoma kila sura aliyoijua, na alipozimaliza akazianza upya, na kila alipoinua kitambaa donge lilikuwa palepale, limelala.

Adhuhuri ilipopita alikwisha kukata tamaa. Machozi yalimtoka bila sauti, na yule askari akageuza uso. Huenda naye alikuwa na dada kwao.

Alipofunua tena, palikuwa na kitundu kimoja kidogo juu ya donge. Akakitazama bila kupumua. Kikafutika, kikatokea kingine pembeni. Kisha ule unga ukaanza kujisukuma, taratibu, ukaugusa ukingo wa chungu, ukaupita. Mwahija aliweka viganja juu yake akasikia umejaa hewa, umekuwa laini, unahema. Alisema alhamdulillahi mara nyingi mpaka askari naye akaitikia.

Sasa mikono ilijua kazi yake. Aliyeyusha chokoleti, akautandaza unga, akapaka mpaka pembeni, akakunja, akasokota, akapalia makaa. Harufu ilitoka nje ya ua, ikavuka barabara, na katika mtaa ule ambao hakuna aliyekuwa na hamu ya kula, watoto walikuja kusimama mlangoni. Hakuwapa. Aliufunga mkate ungali moto akaubeba mwenyewe kilimani.

Bwana aliukata kibarazani. Ulikuwa umepanda juu, umetononoka, na ile nyeusi ilizunguka ndani yake bila kukatika. Alikula kipande, akafumba macho kidogo, akala kingine. Abdulatifu alisimama nyuma ya kiti akitabasamu waziwazi.

"Kweli ni chachu," Bwana alisema. "Mwachieni yule mwanamke."

Mwahija alitaka kucheka, kulia na kubusu ardhi, vyote pamoja. Furaha ilimfungua ulimi, na Bwana alipouliza tena, kwa sauti ya mtu anayepiga soga baada ya chakula, hakuona mtego wowote.

"Chachu nzuri. Ni tembo bichi?"

"Bichi kabisa, Bwana. La jana alfajiri. La zamani lisingeuinua hivyo."

"Nani kaligema?"

"Shemeji yangu, Likwata wa Tingi. Hakuna mgema kama yeye pwani hii."

Tabasamu la Abdulatifu likafa. Alisema haraka, "Bibi anasema wagema ni wengi, Bwana, huko Tingi kila mtu..."

"Nimesikia alichosema." Bwana alipangusa vidole vyake kimoja kimoja. "Askari wangu walipita Tingi wiki hii wakitafuta waasi. Waliambiwa wagema wote hawapo, wamekwenda zao, na huyo Likwata kwanza kabisa. Kumbe jana alfajiri alikuwa juu ya mnazi wake."

Akamwita afande wa askari na kusema maneno ya Kidachi, machache. Chini uwanjani watu walianza kufunga mikanda.

Mwahija hakuelewa vizuri, au hakutaka. Alikwenda kungoja kwenye lango la nyuma, na Ziada akatolewa. Alitembea kwa upande kama mtu aliyeumia mbavu. Kanga ilikuwa imegandamana na mgongo wake kwa damu iliyokauka. Mwahija alimkumbatia, akamwambia yote kwa pupa, jinsi unga ulivyokataa na jinsi ulivyokubali, jinsi Bwana alivyofumba macho. Ziada alimsikiliza, kisha akamsukuma kidogo ili amwone usoni.

"Hawakuuliza chachu katoa nani?"

"Waliuliza kaligema nani. Nikawaambia ukweli, mdogo wangu, Likwata, ili waone hatuna cha kuficha."

Ziada alishika ukuta.

"Walinimwagia maji ya chumvi kinywani ili nitaje jina hilo," alisema. "Walinipiga tangu jana. Chachu walishaninyang'anya, dada. Ulidhani kule ndani nilikuwa nabeba nini?"

Askari walitoka langoni kwa mwendo wa haraka, wakawapita wale wanawake wawili bila kuwatazama, wakashika njia ya Tingi. Mbele alikuwa yule aliyeshinda kwenye kigoda.

"Mume wangu yuko darini, ana jeraha la risasi begani," Ziada alisema. "Nilimwambia asitoke. Akasema shemeji hanyimwi chachu, akapanda mnazi kwa mkono mmoja."