Herufi za Baba Mdogo

Juzi mchoraji alinitumia jalada la kitabu changu cha watoto: herufi nono, nyekundu, zenye kivuli cha bluu. Nikasikia tena harufu ya rangi na mafuta ya taa.

Mchana mmoja nikiwa mtoto, kwetu Mkata, baba mdogo, fundi wa mabango ya maduka, aliandika jina la mama ubaoni kwa herufi hizo hizo. Hakujua nyingine. Ndani wanawake waliimba. Mimi nilidhani mama bado yuko hospitali, Korogwe.

"Baba mdogo, duka la mama litauza nini?"

Brashi ilisimama. "Shika ubao vizuri, mwanangu. Rangi bado mbichi."

Niliubeba mbele ya watu wote, nikijivuna, mpaka makaburini, wakaupigilia msalabani.

Nimemwambia mchoraji abadilishe herufi. Akauliza zina kosa gani.

Nikamwambia hazina kosa.