Macho Yaliyofuata Mshale

Kwa nini shangazi aliacha kupiga chapa barua za watu wiki ile ile niliyomsafishia kompyuta? Nilijiuliza hilo kwa muda mrefu, na kila jibu nililolipata nililikataa mwenyewe.

Shangazi, dada mkubwa wa baba, alikuwa na sekretaria yake, ofisi ya kuchapa barua, katika mtaa wa Buyenzi: chumba kimoja, meza, printa iliyokoroma kama mtu mwenye mafua, na kompyuta ya mtumba iliyotoka Ulaya. Watu walikuja kuandikiwa barua za kuomba kazi, mikataba ya viwanja, kadi za harusi. Kwenye pembe ya skrini fundi aliyemuuzia mashine alikuwa ameweka macho mawili ya katuni, makubwa kama mayai, yaliyofuata mshale wa kipanya popote ulipokwenda. Ukiupeleka katikati yake, yanakuwa makengeza.

Makanika mmoja mzee, aliyekuja kuandikiwa mashitaka dhidi ya jirani yake, aliyafunika kwa kofia.

"Mama, haya yanasoma?"

"Yanasoma, lakini hayasemi. We sema tu."

"Apana. Kwanza yaangalie ukutani."

Shangazi akapeleka mshale ukingoni kabisa, macho yakageuka, na mzee akaendelea na siri zake kwa sauti ndogo. Tangu hapo ikawa desturi ya chumba kile: mwenye jambo zito huomba kwanza macho yageuzwe.

Mimi nilikuwa mwaka wa kwanza chuo kikuu. Kila Jumamosi nilishuka kutoka mtaa wa Gihosha kumsaidia, na sikuacha kitu bila kukihoji, kuanzia tangawizi iliyozidi kwenye chai yake hadi kichekesho kile kwenye mashine ya kazi. Mashine yenyewe ilikuwa nzito kama gari lililobeba mchanga. Jumamosi moja, alipokwenda kuswali adhuhuri, nilifuta kila nilichokiona hakina maana. Nilianza na macho.

Aliporudi, mteja mmoja akimfuata kumalizia barua yake, alishika kipanya, akakizungusha mezani, akakizungusha tena.

"Macho iko wapi?"

"Nimeyatoa, shangazi. Yalikuwa yanachelewesha mashine. Ona sasa inavyokimbia."

"Inakimbia. Yarudishe."

"Ya nini? Si mchezo wa watoto?"

"Mutoto wa chuo, we unajua yote," alisema, bila hasira, akainuka kitini. "Kaa hapa, maliza barua ya huyu baba."

Niliimaliza. Jioni niliyatafuta macho yale nikayakosa, na fundi alikuwa amekwisha kuhamia Uvira. Jumatatu shangazi hakufungua. Siku chache baadaye aliifunika kompyuta kwa kitambaa alichokifuma mwenyewe, akawaambia wateja kwamba ni umri. Baba alisema dada yake amechoka. Mimi niliamini amenuna kwa ajili ya kikaragosi, na nilimwona ana utoto kuliko mimi. Hata hivyo Jumamosi zangu zilikuwa tupu. Nilizikosa sauti za wale wazee waliokuwa wakimsimulia maisha yao neno kwa neno ayaandike, naye akiwauliza, "Hapo niweke nukta, au bado una hasira?"

Miaka ilipita. Nilikuwa nimeshamaliza masomo nilipomsindikiza kwa daktari wa macho. Daktari alituambia ni presha ya macho, ugonjwa unaokula uwezo wa kuona kuanzia pembeni, polepole, bila maumivu. Akamuuliza alianza lini kupotewa na vitu.

"Mshale ndio ulikuwa unanipotea," shangazi alijibu. "Nikiangalia yale macho, yananionyesha ulikoenda."

Nilimuuliza kwa nini hakuniambia.

"Nani atamupa barua yake mutu asiyeona? Ningekuambia, ungemwambia baba yako, na Buyenzi yote ingejua kabla ya alasiri."

Ndipo aliponiambia kwamba fundi hakuyaweka macho yale kwa mzaha. Shangazi mwenyewe ndiye aliyemwomba amtafutie kitu cha kumwonyesha mshale, na tangu siku ya kwanza ya mashine ile aliandika barua za watu akiona kipande cha skrini kisichozidi kiganja.