Mzee Tuliyemcheka Kwenye Mdahalo

Kuna Jumamosi moja ya ujana wangu ambayo sijaisahau, mwanangu. Juzi nimewasikia wewe na wenzako, simu mkononi, mkibishana juu ya yule mwasisi wa Amerika aliyetetea uhuru kwa kalamu huku akimiliki watumwa. Huyu anasema alikuwa mnafiki, yule anasema alikuwa mtu wa wakati wake. Mimi nami nilibishana juu ya mtu huyohuyo, hapahapa Uvira, nikashinda, na ushindi ule unanitafuna mpaka leo.

Nilikuwa mwaka wa mwisho wa sekondari. Mdahalo ulifanyika kwenye ukumbi wa parokia, kwa Kiswahili, ili wazazi nao wafuate. Tulipiga kura, nikaangukia upande wa kumtetea. Ulimi wangu ulikuwa mwepesi kweli! Nikasema nia yake ilikuwa njema, utumwa ulimsumbua moyoni, asingeweza kuibadili dunia peke yake. Wakanipigia makofi.

Ndipo akasimama mzee mmoja mwembamba, Mzee Kashindi wa Katogota, aliyekuja kumsikiliza mjukuu wake.

"Mutoto, weye unajua roho ya ule Mumerika. Ya wale watumwa wake unajua nini?" akauliza. "Minye nililimishwa pamba ya Wazungu kule mu Ruzizi. Kapita wetu, ule musimamizi wa shamba, alikuwa muntu ya kanisa, na roho yake labda iko muzuri. Lakini fimbo yake iko mu mugongo yangu."

Nikawageukia wasikilizaji. Nikasema, "Mzee, hapa tunazungumza Amerika, si mashamba ya Katogota!" Ukumbi mzima ukacheka. Yule mzee akatazama huku na huku, akatoka nje, mjukuu wake akimfuata. Mimi nikapewa ushindi.

Nyumbani nikamsimulia babu, mzazi wa baba yangu, nikiiga mpaka sauti ya yule mzee. Babu hakucheka. Aliniuliza jina lake mara mbili, kisha akasema, "Ile kapita ni minye."

Sikuwahi kujua. Babu niliyemjua mimi ndiye aliyeongoza sala ya nyumbani na kunimenyea miwa. Akanishika mkono. "Unipeleke Katogota. Niseme naye wakati tungali tunapumua."

Alikuwa amepofuka, asingeweza kwenda peke yake. Nami nikamwambia nina mtihani wa serikali, angoje kidogo. Kusema kweli niliona haya, sikutaka kuonana na yule mzee. Babu aliniomba tena na tena, nami kila mara nikapata kisingizio kipya.

Tulipofika Katogota hatimaye, mtihani umekwisha, udongo wa kaburi la Mzee Kashindi ulikuwa bado mbichi. Mjane wake akatukaribisha kwa upole, akatupa viti. Babu akajitaja kuwa ndiye yule kapita. Mama yule akavuta kigoda, akakaa mbele yake.

"Alirudi kutoka Uvira akasema, walinicheka," akatuambia. "Hakusemaka tena habari ya pamba, hata kwa watoto."

Babu akaomba msamaha huku akilia. "Kwangu, ndiyo," akajibu mama. "Ya kwake, minye siwezi kukupa."

Babu aliishi miaka miwili zaidi, na sala ya nyumbani hakuiongoza tena. Mimi ndiye niliyemnyima nafasi ya kuomba msamaha kwa Mzee Kashindi mwenyewe, si mwingine.

Basi nisikilize, mwanangu. Bishaneni, sikatazi. Moyo wa yule mwasisi mimi bado siujui, wala wewe hutaujua. Lakini ukimpima mkubwa yeyote, wa ng'ambo au wa nyumbani kwenu, anza na waliobeba mzigo wake. Aliyeumia akisimama kusema, nyamaza umsikilize, hata kama anakuharibia hoja. Na mzee wako akikuomba umpeleke kwa mtu aliyemkosea, vaa viatu siku hiyohiyo.

Mungu akubariki, akulinde na ulimi wako, na akujalie kufika mapema kuliko nilivyofika mimi.