Wa Tatu Kutoka Kushoto

Enid Barraclough alikuwa na binamu wengi kupita kiasi. Mimi, ambaye duka langu la magazeti linatazamana na mlango wake, niliwahesabu mpaka nikachoka. Kila baada ya miezi miwili mitatu teksi ilisimama, akashuka mwanamke mwenye mifuko ya plastiki badala ya masanduku, mara nyingi na mtoto, mara nyingine na jicho lililovimba nyuma ya miwani ya jua. Na katika mji wetu wa Ellershaw, hapa Yorkshire, jua si mgeni wa kila wiki. "Binti wa binamu yangu huyo," Enid alikuwa akisema huku ananunua maziwa ya ziada. Mtaa ulitania kwamba nyanya yake alizaa kama sungura. Mtaa pia ulijua, na hakuna aliyesema. Siri ya mtungi aijuaye kata.

Kwa kazi alikuwa mvushaji watoto. Miaka thelathini na mmoja, asubuhi na alasiri, alisimama mbele ya shule na koti la njano lililomfika miguuni na fimbo ndefu yenye duara la SIMAMA, akayasimamisha malori. Alikuwa mfupi, mkali, na dereva aliyempigia honi alifuatwa mpaka dirishani kwake akapewa maneno yake. Nayasema haya ili ujue alikuwa mtu wa aina gani, kwa maana siku ninayotaka kuisimulia alitetemeka mpaka akashindwa kufungua mlango wa duka langu, ikabidi nimfungulie mimi.

Binamu wa mwisho aliitwa Leanne, na alikuja na binti wa miaka sita. Shuleni mtoto aliitwa Poppy Barraclough. Jina lake la kweli, Tamsin Yarrow, lilikuwa la ndani ya nyumba tu. Baba yake alikwisha kumvunja Leanne mkono mara mbili, na alipokimbiwa alimwambia dada wa Leanne, kwa upole kabisa: "Kompyuta ninayo na muda ninao. Kila asubuhi nitaliandika jina la mtoto mpaka siku litakaponijibu." Hayo niliyajua baadaye. Siku hizo nilijua mifuko ya plastiki tu.

Jumatano ya mwisho kabla ya Enid kustaafu, gazeti letu la kila wiki lilimtuma mpiga picha wake, mzee Clegg. Watoto kumi na wawili walipangwa kumzunguka Enid na fimbo yake. Shule ilikuwa na orodha ya watoto wasiopigwa picha, lakini mwalimu mwenye orodha alikuwa ndani anawasha mishumaa ya keki. Poppy alisimama pembeni peke yake, kama alivyoagizwa. Enid alimwona, akamhurumia, na kwa huruma akasahau agizo. "Njoo hapa, mwanangu, utabaki huko kama mwiko uliosahaulika?" Akamvuta mwenyewe kwa mkono.

Sasa, kila aliyekulia huku anajua desturi ya magazeti haya madogo. Picha haitoki bila majina yote, kutoka kushoto kwenda kulia, na umri wa kila mtu, kwa sababu kila jina lina bibi, na kila bibi hununua nakala tatu: moja ya kukata na kuweka, mbili za kuwapelekea wadogo zake. Mzee Clegg alipita na daftari lake akimuuliza kila mtoto. Enid alikuwa anaagana na mwalimu mkuu, hakusikia lolote.

Alilisikia jioni, mezani.

"Bibi Enid," mtoto alisema huku anachovya mkate kwenye yai, "nimemwambia yule babu jina langu la kweli."

"Babu yupi?"

"Wa picha. Alikuwa anaandika. Mama alisema usimdanganye mtu anayeandika."

Na kweli mama yake alisema hivyo, usiku polisi walipowaokoa, kuhusu askari wa kike aliyeandika maelezo yao. Mtoto alilishika neno hilo. Leanne hakupiga kelele wala hakulia. Aliinuka, akapanda juu, na Enid akasikia mifuko ya plastiki ikitolewa chini ya kitanda.

Hapo ndipo Enid alipovuka barabara akaja kwangu. Alinieleza yote kwa pumzi moja, yeye ambaye miaka kumi na tisa hakuwahi kutamka neno, maana alitia sahihi mbele ya shirika linalowaficha wanawake hao kwamba hatamwambia mtu.

"Kurasa za gazeti zinafungwa kesho saa sita mchana, ziende kuchapwa," nilimwambia. "Piga simu sasa hivi."

Alipiga. Ofisi ilikwisha kufungwa, ikajibu mashine: acha ujumbe wako baada ya mlio. Enid alikata simu kana kwamba imemuunguza.

"Acha ujumbe, shoga."

"Kwenye mashine ya gazeti? Mwaka huu?"

Nilimwelewa. Mwaka ule kila jioni televisheni ilionyesha watu wakimlilia jaji jinsi magazeti makubwa ya London yalivyosikiliza kwa siri ujumbe wa simu zao, za wafiwa, za wagonjwa, za nani. Hakuna mwenye akili zake ambaye angeiacha siri kwenye simu ya gazeti. Nami nikamwambia basi, twende asubuhi kwa miguu yetu. Nimeshajilaumu kwa hilo mpaka lawama imeota kutu.

Saa tatu kasoro robo tulikuwa mlangoni. Mhariri, Desmond Thwaite, alitupokea saa tatu na nusu, akiwa na chai iliyopoa na uso wa mtu ambaye hajalala tangu Pasaka. Sikumpenda, nasema kweli. Alikuwa na ile adabu ya watu wanaojua kwamba watakukatalia.

"Bi Enid, kila wiki nakaa na mtu kwenye kiti hicho hicho," alisema. "Huyu husema, usiitoe kesi yangu ya ulevi. Yule husema, usitoe picha ya duka langu lilipofungwa na mabwana afya. Nikimfutia mmoja, kesho diwani atakuja. Alinitangulia mhariri hapa aliyemficha tajiri mmoja kiwanda chake kilipoungua. Watu wanne walikufa, gazeti likaandika habari za maonyesho ya maua. Sitaki kuwa yeye."

"Mimi si diwani. Ni picha yangu, siitaki."

"Ulikuwa barabarani. Barabara ni ya watu wote. Sheria inaniruhusu."

"Basi mwondoe mtoto mmoja tu. Wa tatu kutoka kushoto."

"Kwa nini?"

Enid aliitazama kalamu ya mhariri. Nilimwona akishika pochi yake kwa mikono miwili. Akinyamaza, jina linachapwa. Akisema, anaikabidhi nyumba, mtoto na mama yake kwa mtu ambaye kazi yake ni kutangaza. Thwaite alitazama saa ya ukutani.

"Bi Enid, baada ya kashfa hii ya simu wanataka kutuwekea mabwana huko London, watuambie kipi cha kuandika na kipi cha kuacha. Nikianza kufuta bila sababu, nawafanyia kazi yao bure. Nipe sababu."

"Weka kalamu chini," Enid alisema.

"Samahani?"

"Kalamu. Iweke chini, bwana mhariri. Na daftari lifunge."

Aliiweka. Nadhani hata yeye hakujua kwamba alikuwa anaishika. Enid akasema yote, kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwake: mkono uliovunjwa, jina la kila asubuhi, chumba cha nyuma. Thwaite hakumkatiza. Kabla hajamaliza, uso wa mtu yule ulibadilika rangi, akageukia kompyuta yake akaanza kubonyeza kwa vidole viwili.

"Ukurasa bado," nilisema. "Si mpaka saa sita?"

"Ukurasa ndiyo. Lakini tovuti…" Alibonyeza tena. "Picha nzuri huwa naitanguliza kwenye tovuti. Leo niliiweka saa tatu kamili."

Saa ya ukutani ilisema saa nne kasoro dakika tano.

"Nimeifuta," alisema. "Na majina nimeyafuta."

"Imeonwa na nani?" Enid aliuliza.

"Haisemi nani. Inasema wangapi tu." Alisita. "Watu kumi na tisa."

Mwishowe Thwaite akasema, na sijui alitaka atufariji au alikuwa anajisemea, "Mngeacha ujumbe. Mimi mwenyewe husikiliza ile mashine, saa mbili kila asubuhi."

Leanne hakungoja kujua hao kumi na tisa ni kina nani. Teksi ilikuja adhuhuri. Mtoto alikataa kuingia mpaka Enid amwambie kama alikosea kusema kweli. Enid aliinama mpaka akalingana naye. "Hukukosea, mwanangu. Mimi ndiye niliyekuvuta." Mlango ukafungwa. Wamepelekwa wapi, hatukuambiwa, na hatukutakiwa kuuliza.

Ijumaa nilifungua furushi la magazeti. Picha ilikuwa ya Enid peke yake na fimbo yake. Watoto wote kumi na wawili walikatwa, maana kumkata mmoja kungeacha pengo la kuulizwa. Mabibi waliokuja kununua nakala tatu tatu walizirudisha rafuni wamenuna. Wiki iliyofuata gazeti lilitoa barua nane. Moja ilisema Bi Barraclough amejiona malkia, hakutaka kugawana ukurasa na watoto waliomlisha miaka thelathini. Nilimpigia simu Thwaite nikamtukana kwa adabu. "Nikizizuia, nitaulizwa kwa nini," alijibu. Enid alizisoma zote nane akiwa amesimama dukani kwangu. "Wana haki yao," alisema. Hakujibu hata moja.

Shirika nalo lilimtuma mama mpole, akanywa chai, akaeleza kanuni: nyumba ikishajulikana na mtu wa gazeti, hata awe mwema kama malaika, haitumiki tena. Toka siku hiyo Enid hana binamu. Chumba cha nyuma anakausha nguo.

Mimi namwogopea mtoto yule kama ninavyowaogopea wangu, nami sijawahi hata kumsikia akicheka. Katika wale kumi na tisa, kumi na wanane pengine walikuwa mabibi. Huyo mmoja aliyebaki ndiye anayetuamsha usiku.

Kila Ijumaa, magazeti yakishapangwa, Enid huvuka barabara na kusimama nyuma yangu kwenye kompyuta ya duka. Jina la kweli la mtoto naliandika mimi, kwa sababu vidole vyake vinakataa. Tunajua likirudi kwenye gazeti, lolote lile, litarudi na habari za msiba. Tunangoja. Hakuna kilichopatikana, yajibu kompyuta. Enid hushusha pumzi, akachukua maziwa yake, chupa moja, akaenda zake.